Mbona kalkuleta inasema 1111111111111111 ni -1? Besi za namba na mahali zinapogota

Chukua kalkuleta mbili za sayansi, moja ya zamani kidogo kama Casio fx-991MS toleo la kwanza na nyingine fx-991ES, ziweke zote kwenye modi ya besi afu zipe kazi moja: badilisha 600 kwenda bainari, yaani namba za 0 na 1 tu. ES itakuletea 0000001001011000 bila maneno mengi. MS itakuandikia "Math ERROR". Hapo ndo kelele zinapoanzia, mmoja anasema hiyo yako feki, mwingine anasema umebonyeza vibaya, wa tatu anakushauri utoe betri uirudishe. Hamna aliyepatia, maana kalkuleta zote mbili ni nzima na zote zimejibu sawasawa kwa jinsi zilivyotengenezwa.

Ukiona hiyo ni ajabu, jaribu kinyume chake. Kwenye hiyo hiyo MS nenda BIN (bainari), andika kwa mkono wako 1001011000 ambayo ndo 600 yenyewe, afu bonyeza DEC (besi 10 ya kawaida). Safari hii hailalamiki kabisa, inakujibu -424. Sasa hasi imetoka wapi wakati hujaandika hasi popote? Ukishaelewa hilo jibu la -424 karibu vituko vyote vingine vya besi kwenye kalkuleta vinajieleza vyenyewe, kwahiyo tutaanzia chini kabisa twende mdogo mdogo mpaka tulifikie.

Besi ni nini hasa

Besi ni idadi ya tarakimu ulizonazo kabla hujaishiwa ukalazimika kufungua nafasi mpya upande wa kushoto. Sisi tunahesabu kwa besi 10, tuna tarakimu 0 hadi 9, tukifika 9 tumeishiwa, tunaandika 10, yaani moja kwenye nafasi ya makumi na sifuri kwenye nafasi ya mamoja. Bainari ni besi 2, ina 0 na 1 tu, kwahiyo inaishiwa haraka mno na namba zake zinakuwa ndefu. Oktali ni besi 8, inaishia 7. Heksadesimali, wengi wanaita heksa, ni besi 16, na kwa kuwa tarakimu zetu za kawaida hazifiki 16 zikaongezwa herufi, A ni kumi, B kumi na moja, C kumi na mbili, mpaka F ambayo ni kumi na tano.

Kila nafasi unayosogea kushoto thamani yake inazidishwa kwa besi. Kwenye bainari nafasi kutoka kulia ni 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kwahiyo 1101 ni 8 na 4 na 1 (ile ya 2 ina sifuri, tunairuka), jumla 13. Hiyo 13 kwenye oktali inaandikwa 15, kwenye heksa inaandikwa D. Ni idadi ile ile moja, kilichobadilika ni maandishi. Nasisitiza hili kwa sababu kuna watu wana imani kwamba kubadilisha besi kunaikuza au kuipunguza namba, eti 1101 ni "elfu moja mia moja na moja" kwahiyo imekuwa kubwa kuliko 13. Hapana, soma moja-moja-sifuri-moja, hamna elfu humo ndani.

Kwa nini heksa na oktali zipo wakati kompyuta inatumia 0 na 1 tu? Kwa sababu binadamu anachoka kusoma sifuri na moja thelathini na mbili mfululizo. 16 ni 2 kipeo cha 4, kwahiyo tarakimu moja ya heksa inabeba biti (tarakimu za bainari) nne kamili, sio tatu na nusu, nne kamili. Na tarakimu ya oktali inabeba biti tatu. Rangi nyekundu kwenye tovuti inaandikwa FF0000, hizo FF ni 255 yaani biti nane zote zimewashwa. Mtu wa kompyuta za Linux akiandika chmod 755, amri ya kupanga ruhusa za faili, anaandika oktali, 7 ni 111, 5 ni 101, na kila biti ni ruhusa moja, kusoma, kuandika au kuendesha. Hili la nne kamili lishike, litatuokoa huko mbele.

Nafasi za kalkuleta zimehesabiwa

Kwenye karatasi ukiishiwa nafasi unaongeza nyingine kushoto, karatasi haikudai. Kalkuleta haiwezi. Ikiwa kwenye modi ya besi inaitunza namba kwenye biti zenye idadi maalumu, afu ile ya kwanza kushoto imewekwa ioneshe kama namba ni chanya au hasi. Kwahiyo ukiambiwa kalkuleta ina nafasi 10 za bainari, usidhani inafika 1111111111 ambayo ingekuwa 1,023. Biti moja imeshaliwa na alama, zimebaki tisa, na tisa zote zikiwa moja unapata 511.

Hivyo ndivyo ilivyo kwenye fx-570MS na fx-991MS za mwanzo, bainari yake inatoka -512 hadi 511, basi. Ndo maana 600 ikagoma. Mfululizo wa ES ukapewa nafasi 16, kwahiyo unatoka -32,768 hadi 32,767, na fx-991EX ikapanda mpaka 32. Cha ajabu kidogo ni kwamba kalkuleta hiyo hiyo haitumii upana ule ule kwenye kila besi. MS inayogota 511 kwenye bainari, kwenye besi 10 na kwenye heksa inafika 2,147,483,647 bila shida, kwa sababu huko inatumia biti 32. Oktali yake ina tarakimu 10, ambazo ni biti 30, mwisho wake 536,870,911. Sababu ya kubana bainari inaonekana kwa macho tu, biti 32 zinahitaji tarakimu 32 na skrini ya zile za zamani haina mahali pa kuziweka, wakati heksa inazimaliza kwa tarakimu 8.

Kwahiyo namba inaweza kuwa halali kabisa kwenye besi moja na ikakataliwa kwenye nyingine, ndani ya kalkuleta moja. Unaandika 40,000 kwenye DEC, inakubali. Unabonyeza HEX inakupa 9C40, safi. Unabonyeza BIN kwenye ES inakupa "Math ERROR". Haijachanganyikiwa, 40,000 imezidi 32,767.

Na kwa kuwa nimetaja errors, kuna mbili na watu wanazichanganya. "Math ERROR" kwenye modi hii kwa kawaida maana yake namba imezidi mpaka. "Syntax ERROR" ni kwamba umeandika kitu ambacho besi hiyo haikijui, mfano umeweka 2 ukiwa BIN au 8 ukiwa OCT. Ya kwanza hukukosea kuandika, ya pili umekosea.

Sasa ile hasi

Hapa ndo penye utamu, na ndo panapovuruga watu wengi zaidi. Fikiria mita ya kilomita kwenye dashibodi ya gari la zamani, zile zenye vigurudumu vya namba, tuseme ina tarakimu sita. Ikiwa 999999 afu gari likasogea kilomita moja, inarudi 000000, hamna nafasi ya saba ya kuweka ile moja. Sasa tugeuze, mita inasoma 000000 na unaizungusha nyuma hatua moja. Itasoma 999999. Yaani "sifuri toa moja" kwenye mita hii imeandikwa 999999, basi tukubaliane tu kwamba 999999 ndo -1, na 999998 ndo -2, na tuendelee hivyo kurudi nyuma mpaka katikati, 500000. Kuanzia sifuri hadi 499999 tunasoma chanya, kuanzia 500000 kwenda juu tunasoma hasi. Hatujaweka alama ya kutoa popote lakini tuna namba hasi zinazofanya kazi, jaribu -2 jumlisha 5: 999998 na 5 ni 1000003, ile moja ya mbele inadondoka kwa kukosa nafasi, inabaki 000003. Tatu. Imejumlisha sahihi bila kujua kwamba inashughulika na hasi.

Kompyuta na kalkuleta zinafanya hivyo hivyo, ila vigurudumu vyake vina 0 na 1 tu. Kwenye nafasi 16, rudi hatua moja nyuma ya sifuri unapata 1111111111111111, kwahiyo hiyo ni -1. Hatua tano nyuma ni 1111111111111011, ndo -5. Na mstari wa katikati unaangukia pazuri sana, namba zote zinazoanza na 1 ni hasi, zinazoanza na 0 ni chanya au sifuri, ndo maana tunasema biti ya kwanza ni ya alama.

Kwahiyo kama unataka kujua kalkuleta itasoma vipi, fanya hivi. Namba ikianza na 0 kwenye nafasi ya mwisho kabisa kushoto, isome kawaida. Ikianza na 1, isome kawaida afu toa 2 kipeo cha idadi ya nafasi. Turudi kwenye 1001011000 ya MS. Ina tarakimu kumi, imejaza nafasi zote kumi, na ya kwanza ni 1, yaani imeangukia kwenye biti ya alama. Kwa kawaida ni 600, toa 2 kipeo cha 10 ambayo ni 1,024, unapata -424. Kwenye ES hiyo hiyo 1001011000 inaachiwa sifuri sita mbele, biti ya alama ni 0, inasomwa 600. Tarakimu ni zile zile, upana ndo umetofautiana.

Hapa lazima niseme kitu ambacho wanaobishana mitandaoni wanakiruka. 1111111111111111 ni 65,535 au ni -1? Ni swali ambalo halina jibu mpaka mtu akuambie tunasoma kwa mtindo gani. Mtihani ukiuliza "badilisha 1111111111111111 ya besi 2 kwenda besi 10" bila kutaja biti wala alama, jibu ni 65,535, maana kwenye hisabati ya kawaida namba ni ndefu kadri utakavyo na hasi inaandikwa kwa alama ya kutoa. Kalkuleta inasema -1 kwa sababu yenyewe iko kwenye mtindo wa nafasi 16 zenye alama na haina namna ya kukuuliza ulimaanisha nini. Ukiinakili hiyo -1 kwenye karatasi ya mtihani umekosa, na sio kosa la kalkuleta, wewe uliiuliza swali lingine.

Heksa inafanya hivyo hivyo na huko inaumiza zaidi kwa sababu watu wa mitandao ya kompyuta wanaitumia kila siku. Chukua anwani ya IP, ile namba ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao, 192.168.1.1. Kila kipande kina biti 8, kwa heksa ni C0, A8, 01, 01. Ziunganishe C0A80101, ziandike kwenye HEX afu bonyeza DEC, kalkuleta inajibu -1,062,731,519. Anwani hasi! Namba ya kweli ni 3,232,235,777, ila hiyo imezidi 2,147,483,647, na kwa kuwa C ni 1100 biti ya kwanza ni 1, mashine inaisoma hasi. Jumlisha 4,294,967,296 (2 kipeo cha 32) kwenye ile hasi na utaipata yako, ila toka kwanza kwenye modi ya besi ndo ujumlishe, maana ukibaki humo hiyo 4,294,967,296 yenyewe imezidi mpaka.

Tukiwa hapo hapo, kuna amri mbili zinazofanana kwa jina, Neg na Not. Neg inageuza alama, Neg ya 5 ni -5. Not inageuza kila biti, sifuri inakuwa moja na moja inakuwa sifuri, na matokeo ya Not ya 5 ni -6. Watu wanaona -6 wanasema kalkuleta imekosea kwa moja. Haijakosea, hasi kwa mtindo huu inapatikana kwa kugeuza biti zote *afu* kujumlisha 1, Not inaishia kwenye kugeuza tu.

Na wala usidhani mipaka hii ni ubahili wa watengeneza kalkuleta. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilijiharibu angani kwenye safari yake ya kwanza, kama sekunde 37 hivi baada ya injini kuwashwa, kwa sababu programu ilijaribu kuingiza namba kubwa kwenye nafasi ya biti 16 yenye alama, yaani mpaka ule ule wa 32,767 ulioko kwenye BIN ya ES yako. Na ule wa 2,147,483,647 una tarehe yake, mifumo inayohesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32 zenye alama itaishiwa tarehe 19 Januari 2038 saa 03:14:07 kwa saa za UTC, na sekunde inayofuata itajisomea Desemba 1901. Ni ile mita ya gari tu, imezunguka. Tofauti ni kwamba kalkuleta angalau inakuambia "Math ERROR", mifumo mingi inazunguka kimya kimya.

Sehemu za baada ya nukta, sahau

Kwenye modi ya besi ya hizi kalkuleta hamna nukta. 7 gawa kwa 2 ni 3, sehemu iliyobaki inakatwa na kutupwa, haikadiriwi hata kwenda 4. Bonyeza =, afu zidisha hiyo 3 kwa 2 na unapata 6, ile moja imepotea. Malalamiko mengi ya "kalkuleta yangu haitoi tena desimali, na sin haikubali" chanzo chake ni hiki, mtu aliingia modi ya besi akasahau kutoka. Kwenye ES bonyeza MODE afu 1, unarudi kawaida, hamna haja ya fundi.

Sasa ukiambiwa ubadilishe 13.6875 kwenda bainari unafanyaje? Kuna njia nzuri. Kuzidisha kwa 2 kwenye bainari ni kusogeza nukta hatua moja kulia, kama kuzidisha kwa 10 kunavyosogeza kwenye besi 10. Kwahiyo ukiwa modi ya kawaida zidisha kwa 16, yaani sogeza nukta hatua nne: 13.6875 mara 16 ni 219 kamili. Ingia modi ya besi, 219 kwenye bainari ni 11011011, rudisha nukta hatua nne kushoto, 1101.1011. Imeisha. Kama 16 haikukupa namba kamili jaribu 64, 256, na kuendelea juu.

Ila kuna namba utazidisha mpaka uchoke hazitakamilika, na 0.1 ni mojawapo. Fanya kwa mkono, zidisha kwa 2 kila mara na uandike namba kamili inayotokea: 0.2 inatoa 0, 0.4 inatoa 0, 0.8 inatoa 0, 1.6 inatoa 1 inabaki 0.6, 1.2 inatoa 1 inabaki 0.2, na 0.2 tulishapita hapo, kwahiyo itazunguka daima, 0.000110011001100... Sehemu inakatika kwenye besi fulani pale tu ambapo, ukishaifupisha, vigawo tasa vyote vya asili yake (ile namba ya chini) vimo kwenye hiyo besi. 1/10 ina 5 ndani ya asili, bainari haina 5, basi haikatiki. Theluthi haikatiki kwenye besi 10 kwa sababu hiyo hiyo, lakini kwenye besi 3 theluthi ni 0.1 tu, imekaa vizuri kabisa. Kwahiyo ile imani kwamba kuna namba "zisizoisha" kwa tabia yake na nyingine zinazoisha, kwa sehemu kama hizi inategemea umeandikia besi gani.

Na hiyo 0.1 iliua watu. Februari 25, 1991 huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa kuzuia makombora wa Patriot wa jeshi la Marekani ulikuwa umewashwa kama saa 100 mfululizo, ukihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde huku 0.1 ikiwa imekatwa ili itoshe kwenye biti 24. Kosa dogo lile lilijikusanya mpaka likafika sekunde 0.34 hivi, kombora la Scud likapita bila kuzuiwa na likaua askari 28.

Besi 5, besi 7 na zile ambazo hazina kitufe

Kalkuleta hizi zina besi nne tu, 2, 8, 10 na 16. Na nyingine hazina hata moja, fx-82MS kwa mfano haina modi ya besi kabisa, hata ubonyeze MODE mpaka kesho. Mwalimu akitaka besi 7 unarudi kwenye kugawa, na hapo kalkuleta yoyote inasaidia. Tuseme 500. Gawa kwa 7 unapata 71.428571..., toa 71 inabaki 0.428571..., zidisha kwa 7 unapata 3, hiyo ndo baki. Endelea na 71, inatoa 10 baki 1. Kumi inatoa 1 baki 3. Moja inatoa 0 baki 1. Soma baki kutoka chini kwenda juu: 1313. Hakiki, 343 na 147 na 7 na 3 ni 500. Kinachowaangusha wengi ni kusoma kutoka juu kwenda chini, hapo unapata 3131 ambayo ni namba nyingine kabisa.

Kutoka besi 5 kwenda besi 7? Pitia besi 10, usijitese.

Kuukwepa mpaka wa bainari

Ile biti nne kamili niliyosema uishike, sasa ndo kazi yake. Namba ikizidi mpaka wa BIN, usiende BIN, nenda HEX ambako nafasi ni pana, afu kila tarakimu ya heksa iandike kwa biti nne wewe mwenyewe. 600 kwenye MS: HEX inakupa 258. 2 ni 0010, 5 ni 0101, 8 ni 1000, ziunganishe 001001011000, futa sifuri za mbele, na hiyo ndo bainari ambayo kalkuleta ilikunyima. 50,000 inakuwa C350, nayo ni 1100 0011 0101 0000.

Kurudi ni hivyo hivyo. Umepewa 1011011100011010, usiiandike kwenye BIN ya ES, itakujibu -18,662. Kata nne nne kuanzia kulia, kama kipande cha mwisho kushoto hakijafika nne kijazie sifuri mbele, unapata 1011 0111 0001 1010, yaani B71A. Iandike kwenye HEX afu DEC: 46,874. Angalia tu herufi, kwenye MS na ES tarakimu A hadi F ziko kwenye vitufe vya (-) mpaka tan na unabonyeza moja kwa moja ukiwa HEX. Ukitanguliza ALPHA unaita kumbukumbu iliyopewa jina A, sio tarakimu A, na kalkuleta haitakuonya, itakupa jibu la ajabu tu.

Namba ikizidi hata 2,147,483,647, ikate vipande viwili. 3,000,000,000 kwenye modi ya kawaida gawa kwa 65,536, unapata 45776.3671875. Kipande cha juu ni 45,776, cha chini ni 0.3671875 mara 65,536 ambacho ni 24,064. Peleka kila kimoja HEX, cha kwanza B2D0, cha pili 5E00, bandika pamoja B2D05E00. Kipande cha chini kikitoka na tarakimu chini ya nne kiongezee sifuri mbele mpaka zifike nne kabla ya kubandika, wengi wanasahau hapo na jibu zima linaharibika.

Kama uko kwenye kompyuta na sio chumba cha mtihani, kalkuleta ya Windows ukiiweka Programmer ina kitufe cha kuchagua upana, QWORD ni biti 64, DWORD 32, WORD 16, BYTE 8. Nzuri kwa kujifunzia, andika C8 kwenye HEX ukiwa BYTE inasoma -56, andika C8 hiyo hiyo ukiwa WORD inasoma 200. Python, lugha ya kuandikia programu, yenyewe haina mpaka wa namba kamili, itakubadilishia hata namba ya tarakimu mia, ila ukiiambia bin(-5) itakujibu -0b101, yaani inaandika alama ya kutoa kama sisi tunavyoandika kwenye karatasi. Ukitaka ile 1111111111111011 lazima uiambie mwenyewe kwamba unahesabu kwa nafasi 16, andika bin(-5 & 0xFFFF).